Rafu ya Wasafiri

Biashara ya picha pale Malaba ilijengwa na foleni. Kuna watakaosema ilijengwa na mkono wa Matthew Ekwaro, au na ulimi wa mkewe Amuron, na kweli wote wawili walichangia. Lakini bila foleni ya malori Ekwaro angebaki mkulima wa mihogo anayechora ng'ombe kwenye ukuta wa jiko. Dereva wa trela alitoka Mombasa na shehena ya Kampala, akafika mpakani, akasimama. Alisimama siku mbili, siku tatu, mara nyingine wiki nzima, akingoja karatasi zake zigongwe mihuri upande huu na upande ule. Mtu aliyekaa hivyo bila kazi hula, hulala, hugombana na utingo wake, na vyote hivyo vikiisha hukumbuka kwao. Ekwaro alikuwa amejenga kibanda chake cha mabati mahali hasa ambapo dereva alifikia hatua hiyo ya mwisho.

Mwanzoni hakuchora. Alinunua picha kwa Wakongo waliopita na turubai zilizokunjwa mabegani: maporomoko ya maji, simba, wanawake wenye shingo ndefu waliobeba mitungi kuelekea mtoni ambako hawakufika. Ekwaro alizipigilia kwenye fremu za mkaratusi na Amuron akaziuza. Amuron hakuwahi kusifu picha hata moja. Alimtazama mteja, akaitazama picha, akasema, "Hii si yako," akaigeuza ukutani. Mteja aliinunua.

Kisha vita vikazuka huko Kongo na wachoraji hawakuja tena. Ekwaro alingoja mwaka mmoja, akaona kuta za kibanda zimebaki na misumari tu, akanunua rangi za nyumba na vipande vya plaiwudi, akaanza kuchora mwenyewe. Yalikuwepo mambo matatu aliyoshindwa kuyachora: miguu ya ng'ombe, uso wa binadamu, na mlima wowote usiokuwa Mwamba wa Tororo. Kwa hiyo ng'ombe wake wote walisimama kwenye nyasi ndefu. Watu wake walitazama upande mwingine, au walijikinga jua kwa mkono, au walivaa kofia pana. Na mlima, uwe umeagizwa na mtu wa Kilimanjaro au wa Ngong, ulikuwa ni Tororo, kama unavyoonekana ng'ambo ya mpaka asubuhi isiyo na ukungu ukisimama mlangoni pa duka.

Wateja hawakulalamika. Ekwaro hakutaka kuonyeshwa picha ya simu wala ya kamera. Alimkalisha dereva kwenye kigoda, akachanganya rangi bila kumwangalia, akauliza swali lake la kwanza, ambalo halikubadilika kwa miaka thelathini na kitu: "Mlango unatazama wapi?" Dereva aliyetaka picha ya haraka ya nyumba yao alijikuta anaeleza jua lilivyoingia jikoni, na mti uliokatwa na nani, na kwa nini. Alipomaliza kueleza alikuwa ameshalipa. Alivuka mpaka, akashusha mzigo Kampala au Kigali, na aliporudi alikuta picha imekauka. Akiitazama, aliona kwao. Mlima ulikuwa Tororo, lakini mlango ulitazama mahali pake.

Wengine hawakurudi. Kwa ajili yao Ekwaro alitengeneza rafu ndefu ukuta wa nyuma, akazisimamisha picha zao humo zikiwa zimeelekea ukutani, akaiita rafu ya wasafiri. Duka lilikuwa na sheria moja tu, na ilihusu rafu hiyo: picha iliyoagizwa haiuzwi kwa mtu mwingine maadamu mwenyewe bado yuko njiani. Ukimuuliza Ekwaro atajuaje kama mtu bado yuko njiani, alijibu kwamba kama hajarudi basi bado yuko njiani, akaendelea na kazi.

Hilo ndilo duka aliloachiwa binti yake, Atyang.

Atyang hakurithi brashi. Alirithi jicho la mamake. Akiwa bado shuleni alijua kwamba mtu wa Pwani hununua ng'ombe na mtu wa bara hununua maji. Alisomea biashara Bungoma, akarudi na cheti, akakitia kwenye fremu na kukitundika karibu na mlango, mtu akakiulizia bei. Amuron alipofariki, Atyang alikaa kwenye kiti chake siku ya tatu baada ya mazishi, akamwambia mteja wa kwanza, "Hii si yako," na maisha yakaendelea.

Kilichokuja baada ya hapo hakikuwa kosa lake. Serikali mbili zilikubaliana, kituo kimoja cha mpakani kikajengwa, na lori lililokuwa likikaa wiki likaanza kupita kwa saa chache. Magazeti yalifurahi. Wenye malori walifurahi. Atyang alisimama mlangoni akawatazama madereva wakipita bila kupata nafasi ya kukumbuka chochote. Akaanza kuuza vioo, fremu za vyeti vya watoto, Bikira Maria kwa Wakatoliki na kalenda kwa watu wengine wote.

Mwaka wa corona foleni ilirudi. Madereva walisimamishwa kupimwa, na malori yakajipanga kutoka mpakani hadi mahali ambapo Malaba si Malaba tena. Lilikuwa janga, na watu walikufa, na duka la Ekwaro halikuwahi kufanya biashara kama ile. Ekwaro alichora mchana kutwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alichora watu wakimtazama mtu usoni, kwa kuwa nusu ya uso ilikuwa imefunikwa kwa barakoa. Ziko nyumba Nakuru na Mariakani ambako hadi leo bibi wa familia ametundikwa sebuleni akiwa na barakoa ya buluu, na wajukuu wanadhani alikuwa daktari.

Kisha foleni ikaisha tena. Macho ya Ekwaro nayo yakaingia ukungu, kwanza la kushoto, halafu lile lingine. Kila asubuhi alifika dukani akishikilia bega la bintiye, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya nyuma, akapitisha mkono juu ya picha za wasafiri, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu kuku. Akimaliza alisema, "Wote wapo," akaenda kukaa juani.

Brendah alikuja siku ambayo Ekwaro alikuwa amepelekwa kuonwa macho. Brendah, ambaye watu wote humwita Mama Cindy, alikuwa anafungua hoteli Busia, karibu na forodha, na alitaka picha moja kubwa ya ukuta wa mbele. Atyang alimwonyesha maporomoko. Hakuyataka. Alimwonyesha simba.

"Simba juu ya watu wanaokula nyama? Hapana, dada. Zile za nyuma ni za nini?"

"Hizo ni za watu."

"Na mimi ni nani, mbuzi?"

Akageuza moja mwenyewe. Ilikuwa nyumba ndogo ya mawe chini ya mlima, ngazi za mashamba zikiteremka hadi barabarani, na mlangoni mwanamke amesimama, mkono wa kulia umeinuliwa kukinga jua, anatazama chini njiani. Mlima ulikuwa Tororo. Mwenyewe alikuwa Mghanga, dereva Mtaita, aliyekuja mara moja tu miaka tisa nyuma, akaeleza nyumba ya mamake kwa mchana mzima, akavuka mpaka, asionekane tena.

"Hii ndiyo," alisema Mama Cindy.

"Mama Cindy, hii ina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

Atyang aliitazama picha. Mvua ilikuwa inapita kwenye paa mahali pawili. Alifikiria miaka tisa, na malori aliyoyaona yamepinduka, na corona. Akasema, "Nadhani alishakufa."

Hivyo ndivyo Mghanga alivyokufa. Picha ilipakiwa kwenye pikapu siku hiyo hiyo. Jioni Atyang alichukua kipande cha plaiwudi kipya, akakikata kwa kipimo kile kile, akakitia fremu na kukisimamisha kwenye nafasi iliyobaki. Asubuhi Ekwaro alipitisha mkono. Alipofika pale, mkono ulikaa kidogo, ukasogea. "Wote wapo," akasema, akaenda kukaa juani.

Mghanga alirudi mwaka juzi, mwezi wa Agosti, saa nne asubuhi. Alishuka kwenye lori kwa shida, mguu mmoja umekakamaa, akasimama mlangoni akiwa amevua kofia.

"Hodi hapa. Sijui kama mnanikumbuka."

Atyang alikuwa anasafisha vioo. Alimwona kwanza kwenye kioo, na kwa kuwa alikuwa amemzika kitambo, hakujibu.

Aliyejibu ni Ekwaro, kutoka kwenye kigoda chake cha juani. "Sema tena."

"Hodi, mzee."

"Mghanga," alisema Ekwaro. "Mlango unatazama mashariki. Kizingiti kimevunjika upande mmoja, na babako hakutaka kitengenezwe."

Mghanga alicheka, kisha akatafuta mahali pa kukaa. Tajiri wake, alieleza, alimhamishia njia ya Tanzania. Halafu ajali, halafu mguu, halafu miaka ya kukaa nyumbani na kugombana na mke. Sasa alikuwa amepata kazi tena na lori la kwanza alilopewa lilikuwa la Kampala. "Nikasema, Mungu huyu anataka nichukue picha yangu."

"Na mamako?" aliuliza Ekwaro.

"Yupo. Anakaa kwangu, Voi. Nyumba ile haipo tena, mzee. Mvua kubwa ile ilishusha mlima mzima. Mama alikuwa kanisani, ndiyo maana tunaye. Sasa ana chumba kimoja, macho yamechoka kama yako. Wanawake wenzake wakija kumtembelea, kila mmoja anazungumzia kwao, mara shamba, mara kisima cha baba. Yeye hana cha kuonyesha. Nikamwambia, mama, iko picha Malaba. Tangu siku hiyo sina raha. Kila simu ni picha. Anasema anataka itundikwe chumbani, wageni waone kwamba ametoka mahali."

"Iko," alisema Ekwaro. "Atyang, mtolee."

Atyang alikuwa bado ameshika kitambaa. "Iko nyuma ya zingine, Papa. Ina vumbi. Nitaisafisha vizuri, atakuta tayari akirudi."

"Nikirudi ni sawa kabisa, dada," alisema Mghanga. "Nimengoja miaka yote hii. Alhamisi niko hapa."

Ekwaro aligeuza uso wake upande wa jua.

Kesho yake Atyang alifunga duka mapema, akasema anakwenda kununua misumari, akapanda Probox hadi Busia. Njiani alijipanga. Angesema mwenyewe amerudi, angeomba radhi, angempa Mama Cindy picha nyingine mbili za kuchagua, na mambo yangeisha. Yalikuwa maneno mazuri, na hadi Alupe alikuwa ameyarudia mara nyingi kiasi cha kuyaamini.

Busia ni mji wa tambarare. Ukitaka kilima itabidi ukibebe kutoka kwingine. Hoteli ya Mama Cindy ilikuwa na bango kubwa barabarani: KILIMANI HOTELI, na chini yake mchoro wa Mwamba wa Tororo. Atyang alilisoma bango mara mbili, akaingia.

Picha ilikuwa mahali pake, juu ya kaunta, juu ya vichwa vya watu waliokuwa wanakula samaki. Mlima ulikuwepo. Mashamba ya ngazi yalikuwepo. Ila nyumba ya mawe ilikuwa imeota ghorofa, yenye roshani ya buluu na madirisha manne yenye pazia. Na mwanamke mlangoni, kwenye ule mkono wake ulioinuliwa kukinga jua, alikuwa amebeba sinia lenye samaki mzima na soda mbili.

"Ni Protus alinifanyia," alisema Mama Cindy kwa fahari. Protus alikuwa mchoraji wa mabango wa Busia. "Yule anayeandika maduka. Nilimwambia hii nyumba ni ya umaskini, mteja akiiona ataagiza chai tupu. Akaongeza. Na huyo mama alikuwa amesimama tu na mkono hewani kama anasimamisha gari. Protus akasema, huyu anahitaji kitu cha kubeba. Si inapendeza?"

Atyang alieleza. Mama Cindy alisikiliza mpaka mwisho huku akimenya vitunguu, na machozi yakimtoka kwa sababu ya vitunguu.

"Wewe ulisema huyo mtu alikufa."

"Nilisema nadhani."

"Basi na mimi nadhani picha ni yangu. Dada, angalia bango. Angalia menyu. Angalia hata aproni ya wasichana, kuna mlima. Nikitoa hiyo picha nitawaambia watu Kilimani ni wapi? Waganda wakija wananiuliza, nyabo, kwa nini umeweka Tororo? Nawaambia si Tororo, ni kilima cha hoteli. Sasa nitasema nini?"

Kisha akaacha kumenya. Alitazama juu, akashusha sauti. "Lakini ngoja kwanza. Huyu mwanamke ni mtu wa kweli?"

"Ni mamake."

"Amekufa?"

Mama Cindy alikuwa ameshika kisu hewani. Kwao Funyula, mtu hakai chini ya picha ya maiti asiyemjua, sembuse kula chini yake. "Niambie ukweli. Kama amekufa, nakuapia itoke leo, ipite mlango wa nyuma, na ukuta nitaupaka chokaa. Siwezi kuweka maiti ya watu juu ya ugali wa wateja wangu."

Neno moja lilitosha. Atyang alilihisi mdomoni, dogo na jepesi, na picha ingekuwa Malaba kabla ya saa kumi. Alikuwa ameshamuua mwana kwa picha hii. Kumwongezea mama kungekuwa kazi rahisi zaidi, kwa kuwa sasa alikuwa na uzoefu. Alimtazama yule mwanamke na sinia lake la samaki.

"Yuko hai," alisema. "Yuko Voi."

"Mungu asifiwe," alisema Mama Cindy, akarudi kwenye vitunguu. "Basi akae."

Atyang alirudi Malaba bila picha na, kama Ekwaro alivyomkumbusha jioni, bila misumari.

Mghanga alikuja Alhamisi kama alivyosema. Alikuwa amenunua blanketi jipya Kampala la kuifungia picha, na alilishika mkononi lingali kwenye nailoni. Atyang alimpa kigoda. Alijua kwamba babake anasikia, na alijua pia kwamba akisubiri babake aondoke hatasema kamwe, kwa hiyo alisema pale pale, yote, kuanzia pikapu hadi sinia la samaki.

Mghanga alilikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kwa hiyo mimi nilikufa?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Baada ya corona."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikuwa wapi wakati huo. "Nilikuwa kitandani," alisema. "Hujakosea sana."

Ekwaro aliinuka. Alitembea hadi kwenye rafu bila kushikilia kitu, akauchomoa ule ubao mtupu, akaubeba mpaka mlangoni na kuuegemeza ukutani.

"Papa," alisema Atyang.

"Ubao uliochorwa una uzito wake," alisema mzee. "Nilijua siku ile ile."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nasema kila asubuhi. Wote wapo. Nilidhani utachoka kunisikia."

Kisha Ekwaro akasema apewe koti lake, kwa sababu wanakwenda Busia.

Walifika saa ya chakula cha mchana. Mama Cindy aliwaona wakiingia, mzee kipofu ameshikiliwa na binti upande mmoja na dereva mlemavu upande wa pili, akafikiri ni watu wa maombi.

"Leo sitoi sadaka," alisema. "Karibuni mketi. Ah, ni wewe!"

Mghanga hakuketi. Alisimama katikati ya meza akaitazama picha. Aliitazama ghorofa, akaitazama roshani, akamtazama mamake mwenye samaki. Wateja waliokuwa chini ya picha waliacha kula, wakageuka kuona kuna nini juu yao.

"Mzee alikuwa amechora kwetu," alisema hatimaye, hakuna aliyejua anamwambia nani. "Hii ni loji."

"Boss, usiseme hivyo," alisema Mama Cindy. "Nimeigharamia."

"Mama, mimi sitaki ugomvi. Ongea na mwenyewe." Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti kubwa na kuisimamisha juu ya kaunta, ikiegemea chupa ya pilipili.

Sauti ya mwanamke mzee ilijaza hoteli. "Umeipata?"

"Mama, niko hapa Busia na mwenye hoteli. Picha iko kwake. Anaitwa Mama Cindy."

"Shikamoo, mama," alisema Mama Cindy, akajifuta mikono kwa aproni ingawa hakuna aliyemwona.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe uliyekaa na nyumba yangu?"

"Ndiyo mimi, mama. Lakini niliinunua vizuri."

"Nimekuuliza kama umenunua? Inavuja?"

Watu wa meza ya karibu walicheka. Mama Cindy aliwatazama, akainama karibu na simu. "Haivuji, mama. Mimi nimeirekebisha. Nimeongeza ghorofa."

Huko Voi kiti kilisikika kikisogezwa.

"Ghorofa ya mawe?"

"Ya mawe, mama. Na roshani ya buluu. Na pazia."

"Mghanga," alisema mama. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Ile nyumba yako haionekani kabisa. Nitasema ifutwe. Mzee mwenyewe yuko hapa, anaweza—"

"Nani amekwambia ifutwe?" Sauti ilipanda. "Mimi nimelala chini ya bati lenye kunguni miaka arobaini. Babako kizingiti tu kilimshinda. Wageni wangu watajua wapi kama ilikuwa na ghorofa au haikuwa? Mlima wenyewe umeshaondoka, nani atakwenda kukagua? Acha ghorofa yangu mahali ilipo."

Mghanga aliisogeza chupa ya pilipili simu isiteleze.

"Mama Cindy," iliendelea sauti.

"Naam, mama."

"Umenijengea. Asante. Sasa nipe nyumba yangu."

Mama Cindy alitazama bango kupitia dirishani, akatazama aproni yake, akawatazama wateja, ambao wote walikuwa wamegeuka kumtazama yeye. Hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Aliwahi kubishana na afisa wa forodha hadi afisa akaomba uhamisho. Lakini hakuwahi kushukuriwa kwa kujenga nyumba.

"Shusheni," alisema. "Shusheni kabla sijabadilisha akili. Na wewe dada, ukuta wangu utanijazia na kitu chenye kilima."

Walipoiteremsha na kuilaza mezani, Ekwaro aliomba aongozwe. Alianza juu, kwenye mlima, akautambua. Vidole vyake vilishuka hadi kwenye ghorofa, vikazunguka madirisha manne, vikapumzika kwenye roshani.

"Huyu Protus hakuosha vumbi kabla ya kupaka," alisema. "Rangi yake imekaa juu juu."

"Mzee, umemsikia mwenyewe," alisema Mghanga kwa wasiwasi. "Ghorofa inabaki."

"Nimesikia. Nyumba ni yake." Vidole viliendelea kushuka hadi mlangoni, vikampata mwanamke, vikaupata mkono wake. "Lakini huyu sikumchora akiuza samaki."

Alianza kukwangua kwa ukucha wa kidole gumba. Soda zilitoka kwanza, kwa vipande vidogo vyekundu. Kisha samaki, kichwa hadi mkia. Mteja mmoja alisogeza sahani yake isiingiwe na maganda ya rangi, akaendelea kula huku akitazama. Sinia lilichukua muda zaidi, kwa kuwa Protus alikuwa amelipaka mara mbili. Lilipotoka lote, Ekwaro alipuliza, akapitisha kiganja. Mkono ulikuwa hewani tena, juu kidogo ya macho, na mwanamke alikuwa anatazama njiani mbele ya nyumba yenye ghorofa na roshani ya buluu.

"Bado anaangalia?" aliuliza Ekwaro.

"Bado, Papa," alisema Atyang.

Mghanga aliivika picha blanketi lake jipya. Alipomaliza kufunga kamba aliuliza kama ipo njia ya kutoka Busia isiyo na matuta mengi.

Siku ya Jumamosi Mama Cindy alifika Malaba na kibegi chake, akakalishwa kwenye kigoda. Atyang alikuwa ameshautoa ule ubao mtupu kwenye fremu yake na kuulaza mezani. Akafungua makopo ya rangi na kumtajia babake moja moja, ili ajue lipi liko wapi.

"Nataka hoteli," alianza Mama Cindy. "Ya ghorofa mbili. Chini ya kilima. Na bango lionekane."

Ekwaro alichovya brashi. "Mlango unatazama wapi?"

"Forodha."

"Si huo. Wa kwenu."

Mama Cindy aliangalia mlangoni, ambako lori lilikuwa linapita bila kusimama, na baada yake lingine. Alianza kusema Funyula, nyuma ya shule, akajikatiza, akasema, "Wa mbele au wa jikoni?"

"Unaotumika," alisema Ekwaro.

"Wa jikoni basi," alisema, akavua viatu.